CT au MRI ya sikio kabla ya opresheni, alafu ukuta ubaki au ushushwe

Niseme mapema, mi sio daktari. Ni mtu ambaye sikio lake la kushoto limeshafunguliwa mara mbili na nimelala kwenye karibu kila mashine ntakayoitaja hapa, CT peke yake mara tatu, na tangu hapo mtu wa karibu akiandikiwa kipimo cha sikio lazima anitafute, "eti nifanye CT au MRI, ipi nzuri?" CT ni picha za eksrei za vipande vipande, MRI ni za sumaku. Huwa namrudishia swali, daktari wako anataka kujua habari za mfupa au habari za kitu kilichokaa ndani ya mfupa? Wengi hawajui, na hata mi mara ya kwanza sikujua, nilipewa karatasi nikaenda. Lakini ukishapata jibu la hilo moja, nusu ya maamuzi inajipanga yenyewe, kwaiyo ntalirudia sana, mnivumilie. Mwishoni ntafika kwenye ukuta wa mfupa wa mfereji wa sikio, kama kwenye opresheni ubaki au ushushwe.

CT: bingwa wa mfupa

Sikio lenyewe, yani sikio la kati na la ndani, limefukiwa ndani ya mfupa wa pembeni mwa fuvu, wataalamu wanauita mfupa wa temporali, na ile sehemu ngumu unayoishika nyuma ya sikio ndio mastoidi. Vilivyomo humo ni vidogo mno. Kikuku, kile kifupa cha tatu baada ya nyundo na fuawe, kina kama milimita 3 tu na ndio mfupa mdogo kuliko yote mwilini. Sasa CT ya kawaida ya kichwa mara nyingi inasomwa kwa vipande vya milimita 5 hivi, manake kikuku kizima kinaweza kumezwa na kipande kimoja na nafasi ikabaki. CT ya mfupa wa temporali inakatwa vipande vya karibu nusu milimita, inachakatwa kwa namna inayochonga kingo za mfupa, kila sikio linakuzwa peke yake, na picha zinageuzwa ili ziangaliwe kwa juu na kwa mbele. Hivi ni vipimo viwili tofauti hata kama mashine ni ile ile. Najua kwa sababu nilikosea hapo hapo, karatasi iliandikwa ya sikio, mi mapokezi nikasema "CT ya kichwa" manake sikio si liko kichwani, nikapigwa ya kichwa, nikapeleka kwa mpasuaji kwa kujiamini kabisa, akaiangalia sekunde chache akaandika nyingine. Mionzi ya bure ile. Kwaiyo ukifika mapokezi usitafsiri, toa karatasi waisome wenyewe.

Ile ya pili ndio nikaelewa kwa nini wapasuaji wanaipenda. Dokta alinigeuzia kompyuta tukaanza kutembea kipande kwa kipande. Kuna ncha ndogo ya mfupa inayoning'inia juu kidogo ya kiwambo cha sikio, upande wangu wa kulia ilikuwa kali kama ncha ya kisu, upande wa kushoto imekuwa butu, imeliwa. Mguu mrefu wa fuawe hamna, na ndio huwa wa kwanza kuliwa manake damu inayofika pale ni kidogo. Paa, yani bamba jembamba la mfupa linalotenganisha sikio na ubongo, lipo zima. Mfereji wa pembeni wa mizani ya mwili, ule ukitobolewa unapata kizunguzungu na unaweza kupoteza sikio, upo zima. Alafu akanionyesha njia ya neva ya uso inavyokatiza katikati ya sikio, akasema hii ndio inayonifanya nilale nikiwaza, drili ikiigusa mdomo unapinda. Akaongeza kitu ambacho sikukitegemea, kwamba ganda la mfupa juu ya neva ni jembamba kiasi kwamba CT inaweza kuonyesha halipo wakati lipo, au lipo wakati halipo, kwaiyo haiamini moja kwa moja, na ndio maana anaweka kifaa cha kufuatilia neva wakati wa opresheni.

Na kuna mambo ambayo CT inayaona mgonjwa hata hajui kama yapo, mfano mshipa mkubwa wa damu wa shingoni uliopanda juu mpaka umeingia sakafu ya sikio la kati, au ateri ya kichwa iliyopita mahali sipo. Mtu anaangaliwa, kuna kitu chekundu nyuma ya kiwambo, anatokea mwenye haraka anataka kukata kipande akapime. Ikiwa kitu hicho ni ateri, hapo ni balaa. CT kwanza, kukata baadaye.

Udhaifu wake sasa. Kwenye CT maji ni kijivu, usaha ni kijivu, nyama iliyovimba kwa maambukizi ni kijivu, kolestiatoma (ngozi iliyoota ndani ya sikio la kati, ntaieleza chini) nayo ni kijivu. Zote kijivu kile kile. Ripoti yangu ilisema kuna tishu laini imejaa sikio la kati na mastoidi, kolestiatoma inawezekana. Mi nikasoma "inawezekana" nikaona hawa hawajui kazi, kumbe ndio mwisho wa uwezo wa kipimo chenyewe, kinachowapa shaka ni ule mfupa ulioliwa na mahali kijivu kilipokaa, rangi yake haiwaambii kitu. Upande wa pili, CT ikitoka safi kabisa, hewa tupu kila kona, hiyo ni habari nzuri unayoweza kuitegemea, kolestiatoma haijifichi ndani ya hewa.

Kwa wasioijua, kolestiatoma ni ngozi ya kawaida iliyoota pasipo pake, ndani ya sikio la kati. Inamwaga magamba kama ngozi yoyote, magamba hayana pa kutokea, yanajikusanya kwenye kifuko, kifuko kinakua huku kinakula mfupa taratibu. Jina alilitumia Mjerumani Johannes Müller mwaka 1838 na limepotosha watu mpaka leo, haina uhusiano na kolesteroli na sio saratani. Ila dawa ya matone haiiondoi, inapunguza usaha na harufu basi. Sikio la kufa halisikii dawa, hapa msemo umekaa kama ulivyo.

MRI: bingwa wa kilichomo

MRI mfupa haiuoni, mfupa na hewa vyote vinatoka vyeusi, kwaiyo ukimpa mpasuaji MRI peke yake ni kama umemuonyesha samani za ndani bila kuta za nyumba. Inachojua ni hicho kijivu cha CT ni kitu gani. Kuna aina moja ya picha ndani ya MRI inaitwa difyusheni, inapima maji yanavyotembea ndani ya tishu. Kwenye kifuko cha kolestiatoma magamba yamebanana, maji hayapiti kirahisi, basi kinawaka cheupe kama balbu, wakati maji ya kawaida na kovu na nyama ya uvimbe haviwaki hivyo. Mara ya kwanza kuona ile picha yangu, sikio lote giza alafu nukta moja nyeupe, nilicheka kwa woga.

Hapa kuna neno moja la kulijua. Difyusheni ziko za namna mbili, ile ya haraka inayotumia mbinu ya EPI na ile isiyo ya EPI. Ya EPI inapindapinda sana sehemu ambayo mfupa na hewa vimekutana, na sikio ni sehemu hiyo hiyo, kwaiyo vidogo vinapotea au vinatokea vya uongo. Kwa sikio unataka isiyo ya EPI, vipande vyembamba. Hii inaweza kukamata kifuko cha milimita 2 mpaka 3. Kila nikimwambia mtu aulize hili kabla ya kulala kwenye mashine ananiangalia kama najifanya mjuaji, lakini difyusheni ya EPI iliyotoka safi haikuhakikishii sana kitu kama kinachotafutwa ni kidogo. Na kwa swali hili la kolestiatoma pekee mara nyingi hata sindano ya dawa ya kung'arisha haihitajiki, zamani ndio walikuwa wanachoma alafu wanasubiri karibu saa nzima.

Inadanganywa pia. Nta iliyojaa kwenye mfereji inaweza kuwaka, jipu la usaha linawaka, ukitikisa kichwa inaharibika. Na kinyume chake, kama kifuko kimefunguka na daktari amefyonza magamba yote kliniki, ngozi inabaki lakini kilichokuwa kinawaka kimeondoka, picha inatoka safi wakati ugonjwa upo palepale. Kwaiyo mwambie anayesoma picha sikio lako lilisafishwa lini na kilitolewa nini humo.

Zikiwekwa bega kwa bega

Muda: CT unalala, sekunde chache, umeamka, hata viatu hujavua vizuri. MRI ni dakika 20 mpaka 40 ndani ya bomba, kelele ya nyundo, na sikio bovu lenyewe ndio limewekewa koili, kile kifaa cha kunasa picha. Mwenye hofu ya kubanwa aseme mapema asije akatoka katikati.

Mionzi: MRI haina. CT inayo, ila ya sikio peke yake ni eneo dogo, kwa kawaida haifiki hata mionzi ya asili tunayopokea kwa mwaka mmoja, ambayo wastani wake duniani ni milisiveti 2.4. Mtu mzima asikatae kipimo cha lazima kwa hofu hiyo. Mtoto ni habari nyingine, na mtu ambaye anajua atafuatiliwa kwa miaka kumi naye asirundikiwe CT za kila mwaka wakati ipo njia isiyo na mionzi. Wapigaji wazuri huwa wanainamisha kichwa ili macho yasiingie kwenye mwale, lenzi ya jicho haipendi mionzi. Mjamzito aseme kabla hajalala, hata kama hajaulizwa.

Mtoto mdogo: hapa inakuwa mvutano wa kweli manake CT ina mionzi lakini inaisha kabla hajaanza kulia, MRI haina mionzi lakini mtoto hatulii nusu saa, kwaiyo huenda akapewa dawa ya usingizi au nusu kaputi, ambayo nayo ina hatari zake. Mtoto mchanga unaweza kumnyonyesha akalala akafungwa kwenye shuka akapigwa hivyo hivyo, nimeona ikifanyika na ikakubali.

Chuma: mwenye implanti ya koklea (kifaa cha kusikia kinachopandikizwa kwenye koklea, ndani ya sikio la ndani) ana sumaku kichwani, MRI kwake sio kitu cha kuingia tu, implanti nyingine mpya zinaruhusu kwa masharti, za zamani huenda zikafungwa bandeji au sumaku itolewe kwanza, na hata ikiruhusiwa picha ya upande ule inaweza kutoka imeharibika. Vifupa vya bandia vya titani kwa kawaida havina shida. Ila pistoni ya kikuku, yani kijiti cha bandia kinachowekwa badala ya kikuku, ya chuma ya aina ya McGee, kuna toleo la mwaka 1987 lilirudishwa kiwandani kwa sababu lilikuwa linavutwa na sumaku. Kwaiyo kadi ya opresheni yako ya zamani usiitupe.

Kuna na ya tatu inayotajwa sana siku hizi, CT ya mwale wa koni, ile mgonjwa anakaa kwenye kiti na mashine inamzunguka kichwa, wengi wanaijua kwa mambo ya meno. Inatoa mfupa kwa undani mkubwa na mara nyingi mionzi yake ni pungufu ya CT ya kawaida, na chuma hakiichafui sana kwaiyo ni nzuri kuangalia waya wa implanti umekaa wapi ndani ya koklea. Ila inachukua muda mrefu zaidi kidogo, ukitikisika imeharibika, na kwenye nyama laini ni hafifu kuliko hata CT. Na kuna CT za kizazi kipya zinazohesabu fotoni moja moja, Marekani ya kwanza iliruhusiwa mwaka 2021, zinafika vipande vya milimita 0.2, kikuku kinaonekana na miguu yake yote miwili. Ukiwa nayo karibu bahati yako, ukiikosa usihangaike, ile ya nusu milimita imetosha wapasuaji miaka mingi.

Sasa wewe uko wapi

Kiwambo kimetoboka tu, kikavu, tundu liko katikati, hamna harufu, usikivu umepungua kidogo: wapasuaji wengi wanaziba tundu hilo bila CT kabisa, wanategemea darubini na kipimo cha usikivu. Sioni sababu ya kung'ang'ania picha hapo.

Usaha wenye harufu usioisha, na daktari ameona magamba au kifuko kimejivuta juu ya kiwambo: CT ya mfupa wa temporali kabla ya opresheni. MRI inaongezwa kama kuna shaka ni kolestiatoma kweli, au CT imeonyesha paa limetoboka, hapo unataka kujua kilichoning'inia kwenye tundu ni ugonjwa au ni ubongo wenyewe umeshuka. Hivyo viwili usivichanganye.

Umeshaoperewa, sasa unafuatiliwa: MRI ya difyusheni. CT hapa inakwama kwa sababu sikio lililokwishafunguliwa limejaa kovu na kijivu kila mahali.

Usikivu wa neva umeshuka sikio moja tu, au mlio sikio moja: MRI, na mara nyingi pamoja na sindano, manake kinachotafutwa ni uvimbe kwenye neva ya usikivu na CT inaweza kuupita ukiwa mdogo. Hapa ndio naona watu wengi wanapotezwa, wanafanya CT, imetoka safi, wanarudi nyumbani wakiamini wameshapimwa.

Usikivu unashuka polepole, kiwambo kizuri, kipimo kinaonyesha sauti haipiti kwenye vifupa: huenda ni otosklerosisi, kikuku kimeganda. Opresheni yake, ya kuweka pistoni badala ya kikuku, inafanyika tangu John Shea alipofungua njia huko Marekani mwaka 1956, na wapo wanaoifanya bila picha yoyote. Mi naegemea upande wa wanaotaka CT, kwa sababu moja hasa. Upo ugonjwa unaojifanya otosklerosisi, mfereji wa juu wa mizani kukosa paa la mfupa, Lloyd Minor na wenzake waliuelezea mwaka 1998, wagonjwa wake wengine wanasikia mpaka macho yao yakigeuka na wanayumba kwa sauti kubwa. Kwenye kipimo cha usikivu unaweza kufanana, ukimwekea pistoni hujamsaidia kitu. CT inautofautisha, ingawa na yenyewe vipande vikiwa vinene paa jembamba linaonekana kama halipo, watu wakapewa ugonjwa wasio nao.

Implanti ya koklea: mara nyingi zote mbili. CT kwa njia ya kupita na umbo la mfupa, MRI kwa kuangalia neva ya usikivu ipo na koklea bado ina maji. Mtoto aliyetoka kuugua homa ya uti wa mgongo akapoteza usikivu asisubirishwe, koklea inaweza kuanza kuziba ndani ya wiki chache na MRI inaona maji yakipotea kabla CT haijaona mfupa.

Ajali ya kichwa na damu sikioni, CT. Mtoto ana homa, nyuma ya sikio kumevimba na sikio limesukumwa mbele, hiyo ni dharura, CT na sindano ya kung'arisha kuona jipu na mishipa ya damu, wala usikae kulinganisha chochote.

Ukuta ubaki au ushushwe

Tuje kwenye opresheni manake picha zote hizi zinaishia hapo. Kwa kolestiatoma, ugomvi mkubwa ni kuhusu ukuta wa mfupa wa nyuma wa mfereji wa sikio, ule unaotenganisha mfereji na mastoidi. Mpasuaji anaweza kuchimba mastoidi kwa nyuma akauacha ukuta umesimama, au akaushusha, mfereji na mastoidi vikawa shimo moja kubwa lililo wazi.

Ukuta ukibaki, sikio linabaki na umbo lake. Likipona vizuri unaoga, wengi wanaruhusiwa hata kuogelea, kifaa cha kusikia kinakaa bila tabu. Shida ni kwamba nyuma ya ukuta kuna kona ambazo mpasuaji haoni vizuri, ugonjwa unaweza kubaki au kujivuta upya, kwaiyo unarudi zaidi ya pale ukuta ukishushwa. Utaratibu wa zamani ni kufunguliwa tena kama mwaka mmoja baadaye kuchungulia tu kama kuko safi. Watu wamelala nusu kaputi kwa ajili ya kuchunguliwa! Ndio maana naipigia debe hiyo difyusheni, imewaondolea wengi opresheni hiyo ya pili, unapiga picha, ikitoka giza unasubiri unarudia tena miaka ya mbele, manake kilichokuwa milimita 1 leo hakionekani ila kikikua kitaonekana.

Ukuta ukishushwa, kila kitu kiko wazi, daktari anachungulia kliniki anaona, na ugonjwa unarudi mara chache zaidi. Gharama yake unaibeba wewe kila siku. Shimo halijisafishi, unaenda kufyonzwa kila miezi 6 au mwaka, maisha. Maji yakiingia lina tabia ya kulowa na kutoa usaha. Maji ya baridi au hata upepo mkali unakupa kizunguzungu cha ghafla kwa sababu ule mfereji wa mizani sasa umekaa karibu na nje. Mlango wa sikio unapanuliwa, kifaa cha kusikia kinasumbua kukaa.

Ukisikiliza hivyo unasema nani atakubali kushushiwa? Lakini ngoja. Kama CT imeonyesha mastoidi ndogo iliyoganda, paa limeshuka na mshipa mkubwa wa damu umesogea mbele, nafasi ya kupita nyuma ya ukuta haipo, kuung'ang'ania ni kufanya kazi gizani. Kama mfereji wa mizani umeshaliwa. Kama hilo ndio sikio pekee linalosikia na hutaki kurudi ndani mara tatu. Na hili watu hawalisemi kwa sauti, kama unajijua huwezi kurudi kufuatiliwa, unahama hama, au MRI ya maana iko mbali sana na wewe, basi ukuta uliobaki bila kufuatiliwa ni hatari kuliko shimo. Kolestiatoma iliyojificha haiumi, inakula kimya kimya mpaka siku uso unapinda.

Kuna njia za katikati. Endoskopu inapita kwenye mfereji wenyewe na inachungulia kona ambazo darubini haizifikii, kwa ugonjwa mdogo wa juu ya kiwambo hata mastoidi haiguswi, ila mpasuaji anafanya kazi kwa mkono mmoja na damu kidogo tu inamziba macho, na ugonjwa ukishaenda mbali nyuma haiufikii. CT ndio inasema umeenda mbali kiasi gani, ingawa inaweza kukuza manake maji yaliyozibwa nyuma nayo ni kijivu, hapo MRI ikiwepo inasaidia kuchora mpaka. Njia nyingine ni kushusha ukuta alafu shimo likajazwa kwa unga wa mfupa wako mwenyewe na gegedu, unapata usalama wa kuona vizuri wakati wa kazi bila kubaki na shimo la kulea. Ila kilichofukiwa chini ya kujazia hakuna atakayekiona kwa macho, kwaiyo difyusheni inakuwa ya lazima.

Kuhusu usikivu wenyewe, watu wanadhani ukuta ndio unaamua. Kwa nilivyoelezwa, na kwa nilivyoona kwangu, kinachoamua zaidi ni kikuku kama kipo na kinacheza, na sikio kama linapata hewa kutoka nyuma ya pua. Mwenye kikuku kizima na ukuta ulioshushwa anaweza kusikia vizuri kuliko mwenye ukuta na kikuku kilicholiwa. Lengo la kwanza ni sikio salama na kavu, kusikia kunafuata, mara nyingine kunaachwa kwa opresheni ya baadaye.

Mi nilianza na ukuta kubaki. Baada ya mwaka na kidogo MRI ikaonyesha ile nukta nyeupe, milimita 5, juu kabisa pale pale ilipoanzia, ikapigwa CT ya tatu kuona mfupa umebaki kiasi gani, na mara ya pili ukuta ukashushwa na shimo likajazwa. Ladha upande wa kushoto wa ulimi ilipotea miezi kadhaa, neva ya ladha inapita katikati ya sikio la kati na iliguswa, kila kitu kilikuwa na ladha ya sarafu. Iliporudi nilikuwa nimeshaizoea.

Ukienda kuonana na mpasuaji, muulize mguu wa fuawe upo, kikuku kipo, paa zima, mfereji wa mizani mzima, neva ya uso inapita kawaida, nafasi ya kuchimba inatosha. Asikujibu kutoka kwenye ripoti tu, akufungulie picha. Kwa hiyo omba sidii yenye picha zote, ile filamu yenye vipicha 20 vilivyochaguliwa na mtu mwingine haimtoshi, na CT ya kwanza kabisa kabla hujaguswa itunze vizuri kuliko zote, mfupa ukishachimbwa hakuna mashine itakayoonyesha tena ulikuwaje mwanzo.